Kupanda Yerusalemu kutoka Yeriko kwa zaburi kumi na tano

Tulitoka Yeriko alfajiri, maana jua likishaingia bonde la Wadi Qelt halina huruma. Mji huo uko mita zipatazo 250 chini ya usawa wa bahari, na Yerusalemu uko zaidi ya mita 700 juu ya usawa huo. Kwa hiyo mwendo wa kama kilomita 25 ni wa kupanda karibu mita 1,000. Kila mtu alibeba lita nne za maji.

Zaburi ya 120 hadi 134 zote zina kichwa "Wimbo wa kupanda mlima", nasi tuliigawa njia vituo 15. Kila kituo zaburi moja ilisomwa kwa sauti, kisha kila msafiri akataja jambo moja la kumshukuru Mungu, lililotokea tangu kituo kilichopita. Sharti hilo la mwisho ndilo linalobeba kazi yote. Bila hilo, hata kituo cha tatu hakijafika, watu wote wanashukuru "kwa uzima na afya", maneno ambayo mdomo huyasema moyo ukiwa kwingine. Aliyeshikwa mkono asiteleze na amtaje aliyemshika, na jiwe lilipokuwa.

Zaburi 124 tuliisoma tulipoipita monasteri ya Mtakatifu George, iliyojengwa kwenye ukuta wa mwamba. Mwimbaji anataja hatari moja moja: meno, maji ya gharika, mtego wa wawindaji. Maji hayo si ya kubuni. Wakati wa masika ya huko mvua hunyesha juu milimani, na mafuriko hushuka bondeni kwa ghafla huku mbingu ya Yeriko ikiwa nyeupe. Ndiyo maana msimu huo hakuna anayeingia bondeni kabla ya kuuliza hali ya hewa ya juu.

Jambo linalowapita wengi ni mpangilio. Zaburi 122 tayari inasimama malangoni mwa Yerusalemu, lakini 123 inarudi kwenye dharau, na 130 inalia toka vilindini. Anayetarajia imani yake ipande sawasawa na njia atadhani amerudi nyuma, kumbe yuko palepale zaburi zinapopita. Mwenzetu mwenye lengelenge kisiginoni hakusukumwa atoe shukrani kwa ajili ya kidonda. Alipewa 123 aisome yeye. Kumlazimisha mtu ashukuru kwa maumivu, kwa maoni yangu, ni kumfundisha kusema uongo mbele za Mungu. Aliomba rehema, akafungwa bandeji, na kituo kilichofuata akaitaja bandeji bila kuulizwa.

Zaburi 132 ndiyo ndefu kuliko zote hizo kumi na tano, aya 18, nayo huangukia pale miguu imeshachoka. Tuliigawana, kila mtu aya mbili, tukiwa tumeketi.