Mbwa wangu alivyoacha kufakamia chakula

Moshi alipofika kwetu kutoka kituo cha mbwa waliookotwa mitaani, chakula kilikuwa kinaisha kabla sijafunga mlango wa jikoni. Hatafuni. Anabugia ugali na matumbo shingo imekaza, macho yanazunguka uani, na baada ya muda mfupi vinarudi vilevile, mabonge mazima yenye povu. Kisha anavila tena.

Kabla ya kuhangaika na vyombo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, maana mbwa anayekula hivyo huku mbavu zake zinahesabika huenda ana minyoo. Kweli alikuwa nayo. Alipewa dawa, akachanjwa kichaa cha mbwa, nami nikaambiwa chakula cha siku nikigawe mara tatu badala ya kumjazia sufuria jioni.

Yale mabakuli maalumu yenye vinundu ndani niliyaona dukani, bei ikanirudisha nyumbani. Nikatoa bati la kuokea keki ndogo, nikatia chakula kidogo kidogo kwenye kila kishimo. Alilisukuma hadi ukutani akalibinua, ikabidi nilitandikie kipande cha mpira. Siku za chakula kikavu naweka jiwe safi katikati ya sufuria, ale kwa kulizunguka. Jiwe lenyewe liwe kubwa kuliko mdomo wake, la sivyo utamrudisha kwa daktari. Ugali nao simpi tena mabonge: nauponda ukiwa vuguvugu, nauchanganya na omena zilizooshwa mchanga na supu isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa hata kikipikwa), mpaka uwe mzito wa kulambwa.

Vyombo vilipunguza kasi, lakini wasiwasi ulibaki palepale. Jirani akanishauri nimnyang'anye sufuria katikati ya mlo, "ajue mwenye nyumba ni nani." Sikukubaliana naye hata kidogo. Mbwa aliyekulia jalalani anafakamia kwa sababu anajua atanyang'anywa, ukimnyang'anya, umemthibitishia. Nikafanya kinyume chake. Nikipita karibu akila, namrushia kipande cha ini kwa mbali kidogo, naendelea na njia yangu. Mwanzoni aliganda, pua ndani ya sufuria, akinguruma kwa chini. Sikumsogelea. Sasa akisikia ndara zangu anainua kichwa, mkia unapiga tangi la maji. Ndiyo, nyuma ya tangi ndiko anakolia, peke yake, watoto na kuku wakiwa mbali, saa zilezile kila siku.

Akimaliza hatumchezeshi mpaka chakula kitulie. Ana kifua kirefu, na mbwa wa umbo hilo, hasa wakubwa kama German Shepherd, ndio walio kwenye hatari zaidi ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Ukiona tumbo limevimba na mbwa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usisubiri asubuhi. Mkimbize kwa daktari.

Siku hizi mbavu zake nazihisi kwa vidole lakini sizioni, na kutapika kumekoma. Kwenye matumbo bado ana papara. Siku hiyo nayakata vipande vidogo na bati la keki linarudi kazini.