Mizimu ya Shangani

Nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa wa zamani, iko Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kichochoro ambacho mgeni anaweza kukipita asijue amepita nini, mpaka asimamishwe na mlango wenyewe: mbao nzito zilizochongwa, na mbele yake ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe zisizolingana hata kidogo na kuta zilizobambuka chokaa. Waongozaji wa matembezi ya jioni hupenda kufika hapa jua likishatua, kwa kuwa hadithi ya mizimu haiuziki mchana. Husimulia kwamba vilio vya watumwa husikika humo ndani usiku wa manane, na kwamba nafsi zao hazijaondoka. Juzi niliandamana na kundi moja, nikiwa mwenyeji peke yangu miongoni mwa wageni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hadithi hizi zinamfaa nani.

Ndani ya nyumba hiyo wanaishi watu. Wakati mwongozaji akishusha sauti ili kututia hofu, juu ya vichwa vyetu zilikuwa zimeanikwa kanga na sare ya shule, na bibi mmoja akatokea mlangoni na ndoo mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nilipomuuliza kwa adabu kama kweli hao wanaolia huwasikia, alinitazama kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo na wengi. "Nasikia mashine ya maji ya jirani. Hebu waambie wageni wako wanipishe ngazini, nipite na ndoo yangu." Wageni walimpisha, na wawili kati yao wakampiga picha, jambo ambalo halikunipendeza.

Hata hivyo sikuweza kuipuuza hadithi yenyewe. Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki mwaka 1905 hapa hapa mjini, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na mara nyingi hutajwa kuwa mwaka 1895 alimiliki mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000. Yeye aliacha maisha yake katika maandishi, kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Twajua safari zake, vita vyake, wadeni wake na wakubwa aliokula nao. Waliobeba pembe zake kutoka Kongo hadi pwani hawakuacha ukurasa. Katika nyumba ile ile, basi, mwenye nyumba ana kitabu na watumwa wana kilio cha usiku, na nadhani hiyo ndiyo sababu hadithi ya vilio imedumu: mji ulijua kwamba kuna watu waliopita hapa wasioandikwa popote, ukawatafutia mahali pa kukaa.

Ukishalitambua hilo, utaona kwamba hadithi nyingi za kutisha za Mji Mkongwe zina sura hiyo moja. Si mbali na hapo, ufukweni, lipo jengo la Mambo Msiige lililojengwa katikati ya karne ya 19, ambalo sasa ni sehemu ya hoteli kubwa. Husimuliwa kwamba mwenyewe alichanganya mayai kwa maelfu katika chokaa ili kuta ziwe imara, na kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai ndani ya kuta hizo. Kuhusu Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, husemwa kwamba chini ya nguzo zake wamelala watumwa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka na kuua mafundi waliokuwa kazini, hadithi ya nguzo ilirudi midomoni mwa watu siku hiyo hiyo. Mimi naichukua kama masimulizi, si kama taarifa ya ujenzi, lakini masimulizi yanayorudia jambo lile lile kutoka nyumba moja hadi nyingine yana shabaha. Yanasema kwamba fahari hii ina watu chini yake. Kwa kiasi kikubwa huo ndio ukweli, kwani karafuu zilizolipia majumba haya zilichumwa na watumwa, na miongoni mwa waliobeba pembe walikuwamo watumwa.

(Jambo la ajabu ni kwamba sijapata kusikia hadithi ya mizimu ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Uingereza zililishambulia kasri la Sultani kwa mizinga kwa muda usiozidi dakika 45, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa hapo hapo Forodhani. Labda kwa sababu vita hivyo viliandikwa sana, hadi vikawa swali la chemshabongo.)

Wasiwasi wangu unaanzia Mkunazini, mtaa mwingine wa Mji Mkongwe. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash alishurutishwa kuutia saini, na juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya uangalizi wa Askofu Edward Steere. Kando ya kanisa kuna vyumba vya chini, vyenye dari fupi na minyororo, ambamo wageni huteremshwa na kuambiwa kwamba watumwa walisongamanishwa humo wakisubiri kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaolipinga hilo, wakieleza kwamba jengo la juu yake lilijengwa na wamisionari kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa. Niliwahi kumwona mwongozaji akizima taa humo ili wageni "wasikie," na msichana mmoja akatoka analia. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini ukweli wa soko lile hauhitaji taa izimwe, na anayeutegemezea kwenye chumba chenye utata anampa mtu mwenye nia mbaya nafasi ya kuukana wote. Kilio cha Shangani hakinidai nikiamini, kwa kuwa kinajulikana kuwa hadithi. Chumba cha Mkunazini kinauzwa kama ushahidi, na hapo sharti liwe jingine.

Kuna jambo jingine ambalo matembezi ya jioni hayaligusi. Mgeni kutoka Ulaya huja akitafuta roho ya mtu aliyekufa, nasi tumejifunza kumpa anachokitaka. Kumbe wanaoogopwa hasa katika nyumba zetu si wafu bali majini, ambao wana ukoo, dini na makazi yao, na ambao watu hukaa nao kama majirani wagumu. Anayehamia nyumba iliyokaa tupu muda mrefu hufukiza ubani na kuita watu wa kusoma dua kabla ya kuingiza kitanda. Pepo akimpanda mtu, huulizwa ametoka wapi na anataka nini, na mara nyingi hutaka vitu vinavyopatikana dukani: marashi, kitambaa cha rangi fulani, halua. Hakuna anayelipisha kiingilio kwa mambo hayo, na natumaini hatatokea.

Nilipomtajia mwongozaji wetu Popobawa alicheka, na wageni wakacheka naye, kwani kiumbe mwenye mbawa za popo anayewaingilia watu usingizini husikika kama mzaha kwa aliye likizoni. Mwaka 1995 haukuwa mzaha. Hofu ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, katika mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, na familia nzima zilihamisha mikeka nje zikalala kwa makundi zikikoka moto. Hapa mjini mtu mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na umati. Kati ya hadithi zote za kutisha nilizozitaja, hii pekee najua kwamba ilimuua mtu, nayo ndiyo tunayoisimulia kwa kicheko.

Baada ya matembezi nilimwambia yule kijana, ambaye kwa kweli ana kipaji cha kusimulia, kwamba asiache kilio cha Shangani, ila kabla ya kilio awaeleze wageni pembe moja ya ndovu ina uzito gani na ilisafiri muda gani begani kabla ya kufika baharini. Nikamshauri pia awapeleke Mangapwani, kwenye shimo lililochimbwa katika mwamba wa matumbawe ili kuwaficha watumwa wakati biashara ikiendelea kwa siri baada ya 1873. Alinijibu kwamba Mangapwani ni mbali, gari linahitaji mafuta, na wageni hupenda wawe hotelini kabla ya saa tatu. Kuhusu pembe alisema, "Hilo sawa kaka, nitalijaribu," kisha akaniuliza kama najua mahali anapoweza kuazima pembe ya mbao ya kuwabebesha.