Jaketi okozi la mtumba: lipime majini kabla hujampa abiria

Ujiji, Jumapili jioni

Mnunuzi wa jaketi okozi la mtumba hutazama kitambaa, na kitambaa hakimwelezi chochote. Rangi ya chungwa inaweza kuwa imekolea vizuri huku ndani povu, yaani ujazo mwepesi unaolifanya lielee, limekufa siku nyingi. Kinachombeba mtu ziwani ni kile kilichofichwa, ndiyo maana sikubali mtu aniambie jaketi ni zima kwa kulitazama tu likiwa limening'inia kwenye msumari.

Anza na uzi. Jua la huku hula nailoni, na mshono hulegea kabla ya kitambaa. Kwaruza mshono kwa ukucha: uzi ukitoa vumbi au ukikatika, ishia hapo. Fungua mkunjo wa mkanda ulinganishe rangi ya ndani na ya nje. Tofauti ikiwa kubwa, mkanda huo umekaa juani mno. Bana kitambaa kwa vidole gumba vya mikono yote miwili, vuta. Vifungo vya plastiki vifunge, uvute kwa nguvu kweli, urudie mara kadhaa, kwa sababu meno yaliyopauka hushika mara ya kwanza na kukatika ya tatu.

Kisha bonyeza kifuani na mgongoni. Povu zuri hurudi lilivyokuwa mara moja. Lililochoka hubaki na alama ya kidole, au unalisikia likisagika ndani kama mkate mkavu. Haliharibiki lenyewe. Abiria wanalikalia, linatandikwa chini ya magunia ya mihogo, petroli ya injini inalimwagikia sakafuni mwa boti. Mwenye boti akiyatundika kivulini, majaketi yake yatadumu kuliko ya jirani aliyenunua mapya.

Jambo linalonikera zaidi ni majaketi yaliyojazwa sponji. Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walikamata zaidi ya majaketi 1,200 bandia yaliyoshonwa kwa ajili ya wakimbizi wanaovuka kwenda Ugiriki, na yalijazwa vitu vinavyonyonya maji. Jaketi la namna hiyo huelea dakika za mwanzo, kisha linageuka mzigo shingoni mwa mtu. Kwa macho hulitambui, kwa maji unalitambua.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Jaketi la mtu mzima lenye maandishi ya nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) linapaswa kuinua takriban kilo 10. Lakini usifunge jiwe la kilo 10, maana jiwe likiwa majini hupungua uzito na kubaki na kama kilo 6 tu, na jaketi bovu litafaulu. Tafuta jiwe la kilo 15, au chuma cha kilo 11 hivi. Lifunge kwa kamba kwenye mikanda ileile inayomshika mtu, ili mikanda nayo ipimwe, uliteremshe pale maji yanapofika kiunoni. Usisahau kulikandamiza jaketi kwanza hadi mapovu ya hewa yaishe, kwani hewa iliyonaswa kwenye kitambaa hudanganya. Likielea, liache humo saa 24. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea baharini zinataka jaketi lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake baada ya muda huo katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na maji ya Ziwa Tanganyika ni ya namna hiyo. Likikutwa chini asubuhi, limeshindwa.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinaonyesha nguvu ya kuinua, hakionyeshi kama jaketi litamgeuza aliyezimia uso ukae juu. Hilo linategemea umbo: povu jingi kifuani na kola nyuma ya shingo. Fulana za nyutoni 50, zile za michezo ya majini, zinamfaa anayejua kuogelea na mwenye fahamu zake. Kwa abiria wa usiku kutoka Kibirizi kwenda Kalya, hapana. Lebo ikiwa imekatwa kwa mkasi, mimi silinunui hata likielea vipi.

Majaketi ya kujaa gesi yanavutia kwa wepesi wake. Fungua mtungi mdogo wa gesi uupime kwenye mzani wa sonara. Uzito wake umegongwa kwenye chuma, na ukipungua zaidi ya gramu 2, gesi imevuja. Angalia kutu shingoni mwa mtungi, kwani hukwaruza mfuko wa ndani. Jaza mfuko kwa mdomo, ulaze usiku kucha, ukilegea, tupa. Kidonge kinachoyeyuka ili mtungi ufyatuke chenyewe kina tarehe yake, na unyevu wa ziwani hukimaliza mapema. Kwa boti ya abiria ninayakataa kabisa: msumari mmoja wa ubao unatosha kuliua.

Mtoto apimwe akiwa amelivaa. Mfungie mikanda yote, mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Kidevu na masikio vikizama ndani, ni kubwa kwake, na majini atachomoka chini.

Lililoshindwa lisirudishwe kwa muuzaji wala kuachwa mwaloni likiwa zima, maana kuna mtu atalifua na kesho lina bei. Kata mikanda yote, pasua kitambaa katikati, toa vilivyomo. Vipande vya povu vinavyoelea bado wape wavuvi wafanye maboya ya nyavu. Sponji ichomolewe yote ikatupwe jalalani.