Siku nilipoliona jua la Munch

Edvard Munch, mchoraji wa Norway, nilikuwa namjua kwa picha moja tu, ile ya Yowe ya 1893, mtu kashika mashavu yuko darajani anapiga kelele. Sasa dada yangu anaishi Oslo, nilimtembelea Februari moja, akasema twende makumbusho ya Munch pale Bjørvika, nikamwambia dada baridi hii na giza hili halafu tena picha za majonzi? Akasema mdogo wangu vaa koti.

Vyumba vya mwanzo kweli ni msiba mtupu, binti mgonjwa kaegemea mto, watu wamezunguka maiti, na ukijua mama yake Munch alikufa kwa kifua kikuu yeye ana miaka 5, halafu dada yake Sophie naye hivyohivyo 1877, unaelewa kabisa. Tukaja kuingia ukumbi mmoja wa dari ya juu, aisee, ukuta mzima jua! Linachomoza baharini, katikati jeupe pee, miale inatoka pande zote, njano, nyekundu, kijani, buluu, inashuka mpaka kwenye majabali ya pwani. Nikasogea karibu, kumbe sehemu nyingine rangi kaipitisha nyepesi tu, mkono unakwenda mbio, haurudi nyuma kurekebisha.

Dada akanisimulia, 1908 pombe na mishipa ya fahamu vilimwangusha, akalazwa kliniki Copenhagen miezi kama 8, alipotoka akahamia Kragerø, kamji ka pwani Norway, akawa anachora nje kwenye theluji, na jua lile ndo alilokuwa analiona huko likitoka baharini. Jua jingine alilolichora, lenye upana wa karibu mita 8, liko ukumbi wa Chuo Kikuu cha Oslo tangu 1916.

Wapo wanaosema alipopona sanaa yake ikapoa. Mimi sikubali kabisa. Nguvu ni ileile, ila kwenye Yowe mistari ya anga inamzonga yule mtu, inambana kichwa, huku mistari inatoka kwenye jua inakufuata wewe uliyesimama, nilikaa pale mpaka dada akachoka.

Jioni shemeji akaleta hoja ya pesa, kwamba toleo moja la Yowe liliuzwa karibu dola milioni 120 New York 2012, je jua? Nikamwambia shem, lile la chuoni liko ukutani, wanafunzi wanaliangalia miaka yote hiyo, nani wa kuliuza? Tukabishana mpaka ugali ukapoa.