Usiku wa Munyonyo

Tangu binti mmoja wa parokia yetu aniombe niwe msimamizi wake wa ubatizo katika Mkesha wa Pasaka, nimekuwa nikijiuliza nitamweleza nini kuhusu ubatizo zaidi ya yale aliyokwisha kufundishwa na katekista. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, na ubatizo umebaki kwetu kama cheti kinachodaiwa tunapotaka kufunga ndoa kanisani.

Mawazo yangu yamekuwa yakirudi Munyonyo, katika ufalme wa Buganda ulioko Uganda ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana waliomtumikia Kabaka (mfalme) Mwanga, alitambua kwamba asubuhi wangetakiwa kuchagua kati ya imani yao na uhai wao. Padre hakuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa mwezi Novemba mwaka uliotangulia, siku ile ile alipouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa kwanza kuuawa kwa amri ya Mwanga. Hata hivyo alichukua maji akawabatiza wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, waliokuwa pamoja naye, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14 hivi. Kanisa linafundisha kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi akusudie lile linalokusudiwa na Kanisa, atumie maji na kulitaja jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Kwa nini waliutaka ubatizo usiku ule, wakati haukuweza kuwaokoa na adhabu ya Kabaka, bali ulizidi kuwatambulisha kuwa watu wa kuadhibiwa? Naona jibu katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, ambamo Mtume Paulo anasema kwamba tuliobatizwa tumezikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika upya wa uzima. Vijana wale walitaka kuwa mali ya Kristo kabla hawajaulizwa wao ni wa nani. Ndiyo maana siridhiki ubatizo unapofanywa hati ya kuhitimu mafundisho. Nakiri pia kwamba ndugu zetu wanaozamisha mwili mzima majini wanaionyesha maana hiyo ya kuzikwa na kufufuka waziwazi kuliko sisi tunaomimina maji kidogo kichwani, ingawa naendelea kuamini kwamba mtoto mchanga anayebatizwa asiyeweza kusema lolote hutuonyesha vizuri zaidi kwamba neema hutangulia.

Juzi binti huyo aliniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, ingekuwaje kama angefariki kabla ya Pasaka. Nilimweleza habari za Mukasa Kiriwawanvu, aliyeuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa bado mkatekumeni. Hakuwahi kumiminiwa maji, lakini Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi wa Uganda, yaani Lwanga na wenzake waliouawa kwa ajili ya imani, kuwa watakatifu mwaka 1964, naye alikuwamo, kwa kuwa Kanisa linaamini kwamba alibatizwa kwa damu yake mwenyewe.