Mstari wa tisa

Juzi binti yangu, kitabu cha shule mapajani, aliniuliza: "Baba, mtu anayemwamini Mungu anatamanije kuwa mpagani?" Nikajua papo hapo anasoma soneti ipi, shairi la mistari kumi na minne. Ni ile ya William Wordsworth, mshairi wa Uingereza, "The World Is Too Much with Us", iliyochapishwa 1807.

Mimi nilikutana nayo Tanga, kidato cha tano, kaskazi ikipeperusha karatasi madawatini. Mwalimu alipita upesi kwenye habari za Uingereza ya viwanda na mvuke. Mistari minane ya mwanzo haikututatiza: watu wanachuma, wanatumia, wanajimaliza nguvu, bahari imeuacha wazi kifua chake mbele ya mwezi, wao hawapatani nayo. Tuliitikia kwa vichwa, kama kwenye mawaidha.

Ukaja mstari wa tisa. Mwalimu alipaza sauti akamtaja Mungu kwa uchungu, vilevile alivyomtaja mshairi, kisha akasoma kwamba heri angekuwa mpagani aliyenyonyeshwa imani iliyokwisha chakaa. Darasa likanyamaza kabisa. Nyuma yangu mtu akasema, "Astaghfirullah." Msichana mmoja wa kwaya akafunga kitabu chake. Mwalimu hakumkemea yeyote. Alikwenda dirishani, akatupa mgongo, akaendelea kwa moyo, bila kitabu: Proteus akiibuka baharini, Triton akipuliza baragumu lake la kome, miungu ya bahari ya Wagiriki wa kale. Ng'ambo ya paa za mabati ngalawa ilikuwa inaingia, tanga limejaa upepo, na wote tukawa tunaitazama. Tulikuwa watoto wa pwani ile, lakini mimi sikumbuki kuwa niliwahi kuiangalia bahari hivyo, kama kitu chenye uhai kinachoweza kuniangalia nami.

Alipogeuka aliuliza: "Huyu anamkana Mungu, au anamlilia?" Aliyekuwa amesema astaghfirullah ndiye aliyejibu wa kwanza: anamlilia. Yule msichana akakataa. Akasema yapo maneno hayatamkwi hata kwa uchungu. Walibishana kwa adabu hadi kipindi kikaisha, na Mwalimu hakumpa yeyote ushindi.

Tangu hapo nimeegemea upande wa machozi. Naona mshairi hakutaka miungu ya kale. Alitaka kusimama kwenye nyasi anazozitaja shairini, akitazama maji, asijione mpweke. Hivyo ndivyo nilivyomweleza binti yangu. Akanisikiliza, kisha akasema kwamba basi angemwomba Mungu wake mwenyewe amfungue macho. Sijapata la kumjibu. Huenda yule msichana wa kwaya alikuwa amesema kweli.