Pointi 11 zisizotosha

Tangu nianze kusoma udaktari wa meno Muhimbili, kila ninaporudi Tanga kwa likizo hukuta vijana wawili watatu wa Ngamiani wakinisubiri barazani kwa bibi, na swali lao la kwanza huwa ni lile lile: mtihani wa kuingilia ukoje? Huondoka wamepoa kidogo, kwa kuwa kwetu hakuna mtihani wa pekee kama ule wa Marekani uitwao DAT, wenye sehemu nzima ya kupima jicho, ambamo mtahiniwa hulinganisha pembe na kubashiri matundu ya karatasi iliyokunjwa kisha ikatobolewa. Kwetu mlango ni mtihani wa kidato cha sita, mwezi Mei, na kwa walio wengi njia ni mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia.

Linalowaponza wengi ni hesabu ndogo iliyomo katika mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Sharti ni kwamba jumla isipungue 6, tena pasiwe na somo hata moja kati ya hayo matatu lililo chini ya D. Kwa hiyo mwenye A ya Biolojia, A ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 11 na hana sifa ya kuomba, ilhali mwenye D tatu anayo. (Kuomba si kupata, nafasi ni chache na waombaji hushindanishwa kwa ufaulu, kwa hiyo asitokee wa kujilaza kwenye D tatu.)

Nalisema hili kwa sababu nusura linikute. Nilikuwa nikipenda Biolojia kiasi kwamba kila nilipokaa kujisomea niliishia kuchora moyo wa mamalia kwa kalamu za rangi, mchoro niliokuwa nikiujua hata usingizini, na nikihesabu kwamba nimesoma. Moko, yaani mtihani wa majaribio, ikanipa E ya Fizikia. Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri nilitoa meza barazani, nikaweka saa mbele yangu, nikafanya pepa moja iliyopita bila kufungua kitabu mpaka muda uishe, joto la Tanga likinitoa jasho hadi wino ukasambaa karatasini. Kisha nilijisahihisha kwa kalamu nyekundu, bila huruma. Nilichogundua ni kwamba kanuni nilizijua. Alama zilipotea kwa kuruka hatua, kusahau vipimo, na kung'ang'ania swali moja gumu huku mengine mawili mepesi yakisubiri.

Mitihani ya vitendo nayo hudharauliwa, na sielewi kwa nini. Katika taitresheni, jaribio la Kemia la kudondosha asidi kidogo kidogo kwenye besi, tone moja kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, hutosha kugeuza njano ya kiashiria cha methili oranji kuwa rangi ya chungwa, na anayefungua koki kwa papara hupitiliza, akaona waridi, akalazimika kuanza upya. Mimi nilijifunza kuongoza koki kwa mkono wa kushoto na kutikisa chupa kwa wa kulia, jambo ambalo hakuna daftari lililonifundisha. Leo, nikishika mashine ya kutoboa jino, huukumbuka mkono ule wa kushoto.

Bibi bado haridhiki. “Mjukuu wangu, kung'oa jino tu ndiyo miaka mitano?” huniuliza, na vijana hucheka.

Juzi mmoja wao alinionyesha matokeo yake ya moko: Biolojia 81, Kemia 66, Fizikia 47. Nilimwomba daftari lake la Biolojia, lililojaa michoro mizuri kuliko yangu, nikamkabidhi bibi. Amelifungia kabatini, pamoja na vikombe vya wageni, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga.